Siki ya Luz na Pua ya Lennart

Siku yangu ya mwisho jikoni, Divine, binti wa Kirundi aliyechukua meza yangu, aliniomba niwaandikie ninyi mnaobaki mambo ya kazi. Akasema niandike kwa Kiswahili, kwa sababu maagizo ya Kiswidi yamejaa ukutani na hakuna anayeyasoma. Basi nakuandikieni. Ya vyeo sitayagusa, maana nilianza nikiwa msaidizi wa jiko na nikamaliza nikiwa msaidizi wa jiko mwenye magoti mabovu.

Nilianza kazi katika nyumba ya wazee huko Vällingby, Uswidi, wiki ya pili ya Januari. Nilivaa viatu vya ngozi nilivyokuja navyo kutoka Kigoma, vilivyong'aa, kwa kuwa nyumbani mtu haendi siku ya kwanza ya kazi na viatu vya ovyo. Sakafu ya jiko ilikuwa imetoka kuoshwa. Hatua ya tatu nikaenda chini na trei ya vikombe.

Aliyeniinua alikuwa mwanamke mfupi mwenye kofia ya nywele iliyoshuka hadi kwenye nyusi. Hakuniuliza kama nimeumia. Alinitazama miguu akaniuliza, "Saba?"

"Saba nini?"

"Namba thelathini na saba. Ya viatu." Akafungua kabati lake akatoa viatu vyake vya akiba, vile vyeupe vya mpira vya jikoni. "Vaa. Hivyo vyako vya harusi weka juu."

Huyo ndiye Luz, Mfilipino wa mji wa Iloilo, aliyenitangulia jikoni kwa miaka kumi na miwili. Kwao dada mkubwa huitwa Manang, nami namwita hivyo hadi leo. Yeye aliniita Inday, jina wanalomwitia binti mdogo katika familia, hata nilipokuwa na wajukuu wawili.

Mpishi wetu mkuu alikuwa Lennart, Mswidi mrefu wa maneno machache, aliyetembea na vijiko viwili mfukoni. Mambo yote ya maana niliyojua kuhusu jiko nilijifunza kwa hao wawili. Luz alinifundisha chakula cha wasioweza kutafuna: jinsi ya kusaga karoti, kuchanganya na unga wa kugandisha, kisha kuimimina katika kalibu yenye umbo la karoti, ili mzee aone karoti kwenye sahani yake, asione uji wa rangi. Lennart alinifundisha vijiko viwili. Cha kwanza kinachota kwenye sufuria, kinamwaga kwenye cha pili, na cha pili ndicho kinachoingia mdomoni. Kamwe visibadilishane. Na alinifundisha kunusa. "Kipimajoto kinakuambia kama chakula ni salama," alisema. "Pua inakuambia kama ni chakula."

Kila baada ya miaka miwili Luz alikwenda kwao kwa mwezi mzima, na aliporudi tulikuwa na sikukuu. Kwao msafiri harudi mikono mitupu, na zawadi hiyo ina jina lake, *pasalubong*, maana yake kitu cha yule anayekuja kukupokea. Nilipolisikia nilicheka, kwa sababu kwetu Ujiji pia, kabla hujaweka mzigo chini, watoto wameshauliza umetuletea nini.

Lakini Luz hakununua mfuko mmoja wa pipi akaumwaga mezani kama wafanyavyo wengi wetu. Alichagua mtu kwa mtu. Dereva wa toroli la chakula, ambaye meno yake yalikuwa ya bandia, alipata zile biskuti nyembamba zilizoviringishwa kama karatasi, zinazoyeyuka ulimini. Msichana wa kuosha vyombo, asiyepata muda wa kukaa, alipata ndizi zilizokaangwa na sukari na ufuta, za kula umesimama. Mimi aliniletea samaki wadogo waliokaushwa, ndugu wa dagaa, kwa kuwa mara moja tu, mwaka wa kwanza, nilimwambia kwamba nimekumbuka dagaa. Naye Lennart alipata maembe makavu kutoka kisiwa cha Guimaras, kinachotazamana na mji wao. Lennart, mtu ambaye hakusifu kitu, aliyala yote peke yake, amesimama karibu na dirisha, bila kumpa mtu hata kipande. Luz alipenda hilo kuliko shukrani.

"Unawezaje kujua nani apewe nini?" nilimuuliza.

"Mkumbuke mtu kwanza, Inday. Ukiingia dukani bila mtu kichwani utanunua karatasi yenye rangi nzuri."

Alikuwa pia na mambo aliyojifunza kwa machozi. Usibebe kamba wa kusaga katika chupa ya kioo. Yeye alibeba mara moja, chupa ikapasuka, na sanduku lake lilinuka hadi akalitupa. Usilete kinachohitaji kisu au kupashwa moto, watu wa kazini wana dakika kumi na tano. Pakiti ndogo ndogo ni bora kuliko moja kubwa, kwa sababu wenye haya hawachoti mbele za watu.

Halafu ikaja korona. Sitaieleza, wengi wenu mlikuwepo. Nitasema tu kwamba tulipika kwa watu wachache zaidi kila wiki, na kwamba mimi, Luz na Lennart sote tuliugua kwa zamu na sote tukarudi.

Lennart alirudi akiwa mkimya zaidi. Tulidhani ni majonzi. Vijiko viwili vilikuwa bado mfukoni, ila niliona sasa ananipa mimi nionje navyo. "Zai, hebu onja hii," alikuwa akisema, akijifanya ana shughuli. Nilijivuna. Nilifikiri hatimaye ameuona ulimi wangu.

Asubuhi moja nilikuwa stoo, nikasikia harufu ya maziwa yanayoungua, harufu ile inayokwama kooni. Nikakimbia. Lennart alikuwa amesimama juu ya sufuria kubwa ya mchuzi mweupe wa samaki, anakoroga taratibu, uso umetulia. Moshi mwembamba ulikuwa ukipanda mbele ya pua yake.

"Lennart, inaungua!"

"Nini?"

"Sufuria! Hunusi?"

Akatazama chini. Akazima jiko. Tulikuwa wawili tu. Nilichukua kitambaa nilichokuwa nimefutia meza kwa sabuni yenye harufu kali, nikamshikia chini ya pua. Hakurudisha kichwa nyuma. Hata macho hakupepesa.

"Tangu niugue," alisema.

"Mwaka na nusu?"

"Chumvi naipata. Sukari naipata. Mengine yote ni karatasi." Akakaa kwenye ndoo ya viazi, mtu mzima yule mrefu, magoti karibu yafike kidevuni. "Zai, nimebakiza miaka michache. Mpishi asiye na pua watampeleka wapi? Usimwambie mtu. Wala Luz."

Nilikubali kwa sharti kwamba kila sufuria nitaionja mimi kabla toroli halijatoka, na maziwa na samaki nitayafungua mimi mwenyewe. Tukaishi hivyo. Sikusahau hata siku moja, wala hakuna mzee aliyedhurika. Lakini siku nilizokuwa na likizo nilikaa nyumbani nikiangalia saa ya chakula cha mchana kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Vijana, msifanye nilivyofanya. Siri ya jikoni inaliwa na mtu mwingine.

Safari zilipofunguliwa, Luz alikwenda kwao akarudi. Alimpa Lennart pakiti yake ya maembe, kubwa kuliko zote. Lennart akasema asante, akaiweka kwenye droo, akageukia kazi. Luz alibaki amesimama pale kidogo, kisha akaenda kukata mkate.

Baada ya wiki nyingi, Luz alifungua droo ile kutafuta gundi ya karatasi. Pakiti ilikuwa pale pale, haijafunguliwa. Mimi nilikuwa nyuma yake. Aliishika, akaigeuza upande wa pili, akaenda mlangoni akampa dereva wa lori la maziwa. Kisha akaniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Amechoka na vitu vyetu."

Nikafunga droo. Nilikuwa nimeahidi.

Miezi michache baadaye Luz alistaafu, akarudi Iloilo kwa watoto wake. Siku ya kumuaga tulikula keki, akamkumbatia kila mtu. Lennart alimpa mkono. Naye alitaka kusema kitu, nilimwona, lakini Luz alikuwa ameshaupitia mkono wake na kufika kwa mtu mwingine. Miaka ishirini na mingapi ya kusimama jiko moja iliishia hapo, na mimi peke yangu nilijua ni kwa nini.

Likizo yangu ya mwisho kabla ya kustaafu nilikwenda kumtembelea. Binti yangu alinisindikiza kwa treni ya uwanja wa ndege wa Arlanda, na mpaka tunaipita stesheni ya Upplands Väsby alikuwa bado ananihesabia dawa kwa Kiswidi, nami namjibu kwa Kiswahili, kama tulivyozoea. Luz alinipokea na familia nzima. Siku ile ile nilimpa zawadi zangu: chai, kahawa ya Kigoma niliyoagiza kwa shemeji, na mkate mkavu wa Kiswidi alioukosa, ingawa miaka yote alikuwa akiusema kwamba ni kadibodi.

Siku kumi kabla ya kurudi tuliandika orodha ya watu wa kazini. Luz aliishika kalamu kama zamani. Huyu biskuti, yule ndizi za ufuta. Divine, ambaye Luz hakuwahi kumwona, ilibidi nimweleze: mpole, anapenda vitu vichungu, anakunywa kahawa bila sukari. Luz akafikiri akaandika chokoleti ya kienyeji ya kuchemsha. Tukafika watu wanane.

"Na Lennart?" nikauliza.

"Mpe salamu."

"Salamu haziliwi, Manang."

"Na maembe hayakuliwa." Akafunika kalamu.

Kesho yake tulikwenda sokoni. Nilikuwa nimeamua nitamchagulia mwenyewe. Nilijaribu kufuata somo lake, nikamweka mtu kichwani kwanza: mtu anayepata chumvi, sukari, ukali na mlio wa meno, basi. Nikawa nikifika kwenye meza naomba kionjo, nabana pua kwa vidole viwili, natafuna. Biskuti za siagi zikawa vumbi tamu. Maembe yakawa ngozi. Kahawa ikawa maji machungu ya moto. Wachuuzi walinitazama kama mtu aliyetukana bidhaa zao; mama mmoja aliichukua sahani yake kabisa. Kwenye meza ya samaki wadogo waliokaangwa wakakauka hadi wakalia kama vijiti, nikabana, nikatafuna, nikatabasamu. Hawa walikuwa na kitu hata bila pua.

Nilipogeuka, Luz alikuwa ameacha kuchagua vitu. Alikuwa akiutazama mkono wangu uliokuwa bado puani.

"Unafanya nini?"

"Naonja."

"Miaka ishirini nimekuona ukionja. Hujawahi kuonja hivyo." Akakisogelea kigoda cha mchuuzi akakaa bila kuombwa. "Ni pua yake?"

"Manang, mimi sijasema kitu."

"Ndiyo, hujasema. Tangu lini?"

Nilitazama samaki. Nilimfikiria Lennart kwenye ndoo ya viazi. Kisha nikasema, "Kabla ya maembe."

Luz alikaa pale muda mrefu hata mchuuzi akamletea maji. Hakulia. Alisema maneno ya Kiilonggo, lugha ya kwao, ambayo sikuyaelewa, halafu akasema kwa Kiswidi, "Mjinga yule. Mjinga mrefu." Na baada ya kunywa maji: "Na mimi nimempa mtu wa lori."

Akasimama. Sasa alikuwa na haraka. "Chukua hao samaki, pakiti tatu. Lakini wanataka kitu cha kuchovea."

Kwao Iloilo wana siki ya utomvu wa mnazi, wanayoilaza pamoja na pilipili kichaa, tangawizi, vitunguu saumu na pilipili manga. Inauzwa kila duka, lakini Luz alikataa ya dukani. Alisema ya dukani imetengenezwa kwa ajili ya watu wenye pua. Asubuhi iliyofuata alitandaza kila kitu kwenye meza ya uani, akaenda kwenye kamba ya nguo akarudi na vibanio viwili. Kimoja akakibana puani mwake, cha pili akanipa.

"Tunapika kwa ajili ya Lennart," alisema kwa sauti ya bata. "Basi tuwe Lennart."

Wajukuu zake walicheka hadi mmoja akaanguka. Tulionja mitungi mitano. Harufu nzuri ya vitunguu haikufika popote, akavipunguza. Tangawizi ilifika, kwa sababu inachoma, akaongeza. Pilipili ilifika kuliko zote. Akaongeza, tukakohoa, machozi yakatutoka chini ya vibanio, akaongeza tena.

"Utamuua," nilisema.

"Hapana. Nataka ajue kwamba amekula."

Jirani alipopata habari kwamba tunamtengenezea mtu asiyenusa, akaleta mfuko wa ngozi ya nguruwe iliyokaangwa, akisema hakuna kitu kinacholia mdomoni kama hicho. Ilibidi nimweleze kwa heshima kwamba nyama na maziwa kutoka nje ya Ulaya huchukuliwa uwanja wa ndege, na kwamba hata wasingeichukua, mimi Zainabu binti Juma wa Ujiji sikujiona nikieleza kwa forodha kwamba nguruwe huyo si wangu. Akaila mwenyewe pale pale.

Siki tuliiweka katika chupa mbili za plastiki nene, hatukujaza hadi mdomoni kwa sababu siki inataka nafasi ya kupumua, tukafunga vifuniko kwa gundi, tukaviringisha kwenye khanga zangu mbili. Zilifika salama. Khanga moja hadi leo ina harufu ya saladi.

Alhamisi ya kwanza nilirudi kazini. Ilikuwa siku ya supu ya njegere na chapati za maji, ambazo Waswidi hula kila Alhamisi na huchukua muda kuzipika, kwa hiyo mapumziko ya kahawa yalichelewa na wote wakawa mezani kwa pamoja. Nikagawa: biskuti, ndizi, chokoleti ya Divine. Mwisho nikaweka mbele ya Lennart kisahani cha siki na bakuli la samaki.

"Asante," alisema. "Nitakula baadaye." Mkono wake ukaanza kuelekea droo.

"Luz ameitengeneza kwa mikono yake," nikasema. "Alipoionja alikuwa na kibanio cha nguo puani."

Mkono ukasimama. Alinitazama, na uso wake ukawa mwekundu kutoka shingoni. "Ulimwambia."

"Aliniona nikikuchagulia zawadi. Aligundua mwenyewe. Mimi nilimwambia tu ni lini."

Wengine walikuwa wameacha kutafuna. Nilidhani atainuka aende. Badala yake alichukua samaki mmoja mkiani, akamchovya, akamtia mdomoni. Tulisikia samaki akivunjika chini ya meno. Lennart akakohoa, akapiga meza kwa kiganja, macho yakajaa maji.

"Mpe maji!" Divine akasema.

"Hapana," alisema Lennart. "Hapana, acha." Akachukua mwingine. Akachovya kwa muda mrefu zaidi. "Kuna kitu," alisema, bila kumwambia yeyote. "Kuna kitu hapa."

Alikula samaki saba. Kisha akafuta uso kwa aproni, akawaambia wote pale mezani, kwa maneno machache kama kawaida yake, kwamba hanusi, tangu lini, na kwamba mimi ndiye niliyekuwa pua yake. Mchana ule ule alipanda ghorofani kwa meneja kabla mtu mwingine hajapanda. Nami nikaitwa baada yake. Nilipewa onyo la maandishi, la kwanza na la mwisho maishani mwangu, na lilikuwa haki. Lennart hakufukuzwa. Aliwekewa waonjaji wawili wanaotia sahihi kila siku, ile karatasi mnayoilalamikia ninyi hadi leo ndipo ilipotoka, na alipelekwa kwa daktari aliyempa chupa ndogo za harufu za kufanyia mazoezi asubuhi na jioni. Anasema siku hizi, mara moja moja, limau linapita kwa mbali.

Asubuhi iliyofuata, wakati wa kahawa, nilimpigia Luz kwa video. Kwao ilikuwa mchana, yuko uani, kuku nyuma yake. Nikamkabidhi Lennart simu nikasogea, lakini si mbali sana.

"Luz," alisema. "Yale maembe."

"Najua. Zai alinieleza."

"Hajakueleza hili, kwa sababu hajui. Nilionja kipande kimoja cha zamani, cha safari iliyotangulia. Nilikuwa nimekihifadhi. Kilikuwa ngozi yenye sukari." Akaegemeza simu kwenye kikombe cha kahawa. "Sikutaka kufungua vile vipya. Nilitaka vibaki jinsi nilivyovikumbuka."

Kwenye kioo cha simu Luz alitazama pembeni, akamfukuza kuku ambaye hakuwa amefanya lolote.

"Siki imebaki?" aliuliza hatimaye.

"Chupa moja imekwisha."

"Kwa siku moja?"

"Kwa siku moja."

"Basi leta kalamu. Siwezi kuwa nakutumia chupa kila mwezi." Akaanza kumsomea: siki kiasi gani, tangawizi vidole vingapi, isilazwe chini ya wiki moja. Lennart aliinama juu ya karatasi ya menyu, miwani kwenye ncha ya pua ile isiyofanya kazi, anaandika kwa herufi kubwa.

"Na pilipili?" aliuliza. "Ngapi?"

"Hazihesabiwi. Unaongeza mpaka ulie."

Lennart akatikisa kichwa, akaandika: mpaka nilie.